Nilivyomtambua kipepeo wa buluu anayeishi kwenye kunde

Vipepeo wadogo wa buluu wanaorukaruka juu ya kunde zinapotoa maua hufanana mno, na upande wa juu wa mabawa, ambao ndio unaovutia macho, hausaidii sana kuwatofautisha. Kwa hiyo katika bustani yangu Muheza nilizoea kusubiri mpaka kipepeo atue na kufumba mabawa, ndipo nitazame upande wa chini. Niliyemfuatilia alikuwa na mistari myeupe ya mawimbi juu ya rangi ya kahawia, utepe mpana mweupe karibu na ukingo wa bawa la nyuma, na mkia mwembamba kama uzi, kando yake madoa mawili meusi. Utepe huo ndio ulioniondolea shaka, kwa sababu Leptotes pirithous, kipepeo mwingine mdogo wa buluu ambaye pia ana mkia na madoa mawili, hana utepe wa namna hiyo. Huyu ni Lampides boeticus, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1767, naye hupatikana Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia hadi Australia. Hupenda mahali pa wazi penye jua: mashamba, kando ya barabara na vichaka vya marejea, mmea wa jamii ya kunde.

Hata hivyo nilitaka kumwona tangu yai. Jike hutaga yai mojamoja kwenye vitumba na maua ya mimea ya jamii ya kunde, na kiwavi akishaanguliwa hutoboa ua, kisha huingia ndani ya ganda na kula mbegu. Mkulima hana sababu ya kumpenda. Nilitafuta maganda yenye tundu na kinyesi, hasa yaliyozungukwa na sisimizi, kwa kuwa kiwavi huyu hutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyafuata. Kila kiwavi nilimweka katika chupa yake, iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, maana wakisongamana huweza kulana, na nikawa nawapa maganda mabichi kila asubuhi. Walipokaribia kuwa pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, waliacha kula, wakajificha chini ya majani makavu niliyowawekea.

Dume wa kwanza alitoka na mabawa ya buluu-zambarau. Jike aliyemfuata alikuwa wa kahawia, mwenye buluu karibu na shina la mabawa tu, na kama asingetoka kwenye kiwavi niliyemlea mwenyewe, ningemhesabu kuwa wa spishi nyingine.