Siku moja maishani mwangu: kujenga vitu kwenye anwani niliyopewa

Saa 2:30 asubuhi. Majaribio ya usiku yameanguka. Kifaa chetu hukusanya vipimo vya sensa, na kikishawaka ni marufuku kuomba kumbukumbu (memori) mpya. Kila ujumbe hujengwa ndani ya bafa moja, yaani eneo la kumbukumbu, iliyotengwa mwanzoni. Ripoti inasema programu ilikufa ikijenga ujumbe wa pili.

Saa 3:00. Mstari wenyewe ni `new (p) Ujumbe(data)`. Katika lugha ya programu ya C++, `new` ya namna hii haitafuti nafasi popote. Inaipokea pointa (hapa p, inayobeba anwani ya kumbukumbu), inairudisha ilivyo, kisha konstrakta, kodi inayokiandaa kitu kipya, inafanya kazi papo hapo. Haiulizi kama nafasi inatosha, wala kama anwani inafaa. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana siiamini.

Saa 4:15. Kwenye dibaga, zana ya kuchunguza programu, anwani iliyomo kwenye p inaishia na 4. Ujumbe umetangazwa kwa `alignas(16)`, yaani lazima ukae kwenye anwani inayogawanyika kwa 16. Wa kwanza ulikaa sawa. Lakini kila ujumbe hufuatwa na baiti 4 za uhakiki, na hizo ndizo zilizousukuma wa pili. Mbona kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri? Kwa sababu prosesa za x86-64 huvumilia usomaji mwingi wa anwani zilizopinda. Jana tuliwasha uboreshaji wa kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa amri za prosesa, nayo, kwa kuiamini ahadi ya 16, ikatumia `movaps`, amri isiyovumilia. Kwa sheria za lugha, hata zile siku za amani hazikuwa halali.

Dawa: bafa yenyewe ipewe `alignas(16)`, na kabla ya kila ujumbe pointa isogezwe mbele hadi kigawe cha 16 kinachofuata. Tunapoteza baiti 12 kila mara. Zipotee.

Mchana: kikao. Tupite.

Saa 8:30. Napitia kodi ya mwenzangu. Kaandika `delete p`. Hapana: `delete` ingeita destrakta, kodi ya kufunga uhai wa kitu, kisha ingejaribu kurudisha kumbukumbu kwa mgawaji wa kumbukumbu ambaye hakuitoa. Hapa destrakta huitwa kwa mkono, `p->~Ujumbe()`, au `std::destroy_at(p)` iliyokuja na C++17.

“Kwani nikiiacha tu na kuandika juu yake?” anauliza.

Swali zuri, maana lugha inaruhusu kutumia nafasi upya bila kuita destrakta. Ila destrakta ya Ujumbe hupunguza kihesabu cha wasomaji. Ukiiruka, kihesabu hakishuki, na bafa itaonekana imejaa milele. Namwonyesha kuwa `std::vector`, orodha inayoweza kukua, huishi hivyohivyo: `reserve(100)` inaleta nafasi ya vitu 100 bila kujenga hata kimoja. Kupata nafasi na kuanza uhai ni mambo mawili.

Saa 10:00. Tunabishana kuhusu `std::construct_at` ya C++20, inayojenga kitu kwenye anwani uliyoipa. Naiunga mkono: inasomeka, na inakubalika ndani ya `constexpr`, kodi inayoweza kukokotolewa wakati wa kukompaili. Mwenzangu anaona ni maneno mengi. Tunakubaliana walau kuihifadhi pointa inayorudishwa, badala ya kubadili aina ya pointa ya bafa kila tunapousaka ujumbe.

Saa 11:20. Nawasha `-fsanitize=alignment`, kikaguzi cha anwani zilizopinda, na kurudia majaribio. Ujumbe unapita. Kikaguzi kinalalamikia faili jingine, la kumbukumbu za matukio, kwa ugonjwa uleule. Naandika tiketi, naiweka juu ya foleni ya kesho.