Ruta ndogo ya safarini, na kazi inayonifanyia nyumbani

Ruta yangu ya safari inaenea kiganjani. Ina tundu la USB-C la umeme, tundu la USB la kuchomekea simu, matundu mawili ya kebo ya mtandao, kitufe pembeni na kijitaa kimoja, na watu wakiiona mezani hudhani ni chaja. Sikuinunua kwa ajili ya kasi. Ruta ya namna hii haiongezi kasi hata kidogo, na mara nyingine huipunguza. Niliitaka kwa sababu vifaa vyote vya familia vinajua mtandao mmoja tu, wenye jina moja na nywila moja, na mtandao huo tunahama nao.

Kabla ya hapo, kufika hotelini kulikuwa na kazi yake. Simu yangu, simu ya mama watoto, kompyuta, tableti ya watoto na kile kifaa cha kuchomeka nyuma ya runinga: kila kimoja kitafutiwe waifai, kijaziwe namba ya chumba na jina la ukoo, kikubali masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Kile cha runinga ndicho kilichonitoa jasho, maana kuandika kwa rimoti, herufi moja moja, kwenye ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya simu, ni adhabu. Tena hoteli nyingi huweka kikomo cha vifaa kwa kila chumba, kwa hiyo lazima mmoja abaki nje akilalamika. Siku hizi hoteli inaona kifaa kimoja tu, yaani ruta. Vingine vyote vimejificha nyuma yake.

Nikishaichomeka, simu yangu inaungana nayo yenyewe. Nafungua kivinjari, naandika 192.168.8.1, ambayo ndiyo anwani ya ruta yangu (zako zinaweza kuwa tarakimu nyingine, tazama kibandiko chini yake), kisha naiagiza itafute mitandao iliyo karibu. Nachagua wa hoteli na kusubiri. Hali hii ya kupokea waifai ya mwingine na kuigawa upya utaikuta kwenye mipangilio kwa jina la ripita, au WISP. Ukurasa wa hoteli ukishatokea kwenye simu, najaza mara moja, na kwa kuwa hoteli inaitambua ruta peke yake, wote walio nyuma yake wameingia.

Ndivyo inavyotakiwa. Shida huanza pale ukurasa unapogoma kutokea. Ruta inasema imeunganishwa, taa imetulia, lakini hakuna kinachofunguka. Jambo la kwanza ninaloangalia ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Nyumbani nimeiwekea ruta DNS ya 1.1.1.1, na hoteli nyingi hutegemea DNS yao wenyewe ili kukuvuta kwenye ukurasa wao. Nairudisha kwenye hali ya kujiwekea yenyewe, na kama VPN (njia ya siri inayosimba mawasiliano yote) imewashwa naizima mpaka nimalize kuingia. Simu ya Android nayo ina mpangilio wake wa DNS ya faragha, nao huweza kuleta mgomo huo huo. Jambo la pili ni kwamba tovuti karibu zote sasa hutumia HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa kati ya kivinjari na tovuti), na ukurasa wa HTTPS hauwezi kugeuzwa njiani bila kivinjari kupiga kelele. Kwa hiyo nafungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi isiyo na HTTPS, na mara nyingi ukurasa wa hoteli hujitokeza papo hapo.

Ikishindikana hata hapo, natumia njia ya mzunguko. Naunga simu moja kwa moja na waifai ya hoteli, naingia kama mgeni yeyote, halafu nanakili anwani ya MAC ya simu (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) na kuipa ruta. Hoteli inadhani ruta ndiyo ile simu iliyokwisha kuruhusiwa. Hapa pana mtego unaowakwamisha wengi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani tofauti ya MAC kwa kila mtandao. Ukinakili ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ya simu, umenakili isiyo yenyewe. Fungua maelezo ya mtandao wa hoteli humo humo kwenye orodha ya waifai, ndipo utaona anwani ambayo simu inaitumia hapo. Ukishamaliza, iamuru simu iusahau mtandao wa hoteli, maana vifaa viwili vyenye anwani moja vitanyang'anyana na vyote vitakatika-katika.

Kuna na lile la anwani kugongana. Kama mtandao wa hoteli unagawa anwani za 192.168.8 na ruta yako nayo inagawa hizo hizo, haijui lipi ni la ndani na lipi ni la nje. Dawa yake ni kubadilisha anwani ya ruta, mathalani iwe 192.168.77.1, kuiwasha upya na kuendelea na maisha.

Kuhusu kasi, kama chumba kina tundu la kebo ukutani, nachomeka kebo bila kufikiri mara mbili. Ruta inayopokea na kugawa kwa redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi, kwa sababu haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Yangu ina bendi mbili za redio, hivyo nachukua ya hoteli kwa 5 GHz na kutugawia sisi kwa 2.4 GHz, au kinyume chake pale ambapo mawimbi ya 5 GHz yameishiwa nguvu kabla ya kufika chumbani. Halafu naiweka karibu na mlango au dirisha, upande ambao mawimbi yanatokea. Ukiificha nyuma ya runinga usiilaumu.

Usalama ni faida, ila isitiwe chumvi. Mgeni wa chumba cha jirani hawezi kuziona kompyuta zetu kirahisi, kwa kuwa ziko nyuma ya ruta. Lakini kutoka kwenye ruta kwenda hotelini, kama waifai yao haina nywila, njia bado iko wazi. HTTPS inafunika sehemu kubwa, na kwa kazi za ofisini nawasha WireGuard, aina ya VPN, kwenye ruta yenyewe, vifaa vyote vinapita humo. Na kuna mahali siiwashi kabisa: kwenye kumbi za mikutano, ambako kila ruta ya ziada inawaongezea wengine fujo hewani, na popote wenyewe walipokataza. Meli kadhaa za kitalii zinazikataza waziwazi.

Barabarani ruta haina laini yake ya simu, kwa hiyo naichomekea simu kwa kebo ya USB na kuwasha kushiriki intaneti kwa USB. Kwa nini nisitumie hotspoti ya simu tu? Kwa safari fupi natumia hiyo. Kwa safari ndefu, hotspoti huichemsha simu na kumaliza chaji, na nikishuka nayo garini intaneti ya wote imeshuka nami. Pawabenki ya mAh 10,000 ina takribani Wh (wati-saa) 37, na ruta yangu inakula kama wati 3, hivyo inavuka mchana bila wasiwasi ilimradi simu isiwe inanyonya pawabenki hiyo hiyo. Ndegeni pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, na iliyo chini ya Wh 100 kwa kawaida haina maswali. Jambo la kukumbuka ni bando: kompyuta haijui kwamba leo waifai ya nyumbani ni laini ya simu, itapakua masasisho kwa raha zake. Naiambia kompyuta kwamba mtandao huu ni wa kupimiwa kabla ya kuondoka.

Nyumbani haikai kabatini. Chumba cha mwisho kilikuwa hakipati waifai, kwa hiyo nimevuta kebo kutoka ruta kubwa hadi humo na kuiweka hii katika hali ya kituo cha waifai, ambapo kugawa anwani kunabaki kazi ya ruta kubwa. Jina na nywila ni vile vile, chaneli tofauti: kwenye 2.4 GHz kubwa iko 1, ndogo iko 11. Printa yetu ya zamani, isiyojua 5 GHz, imetulia hapo. Siku intaneti ya nyumbani ikikatika, naichomoa ndogo kwenye kebo, nairudisha kwenye hali ya ruta, naizima waifai ya ruta kubwa, nachomeka simu kwenye ndogo, na watoto wanaendelea na masomo yao bila kuuliza nywila. Kuizima ile kubwa ni muhimu, la sivyo printa inabaki upande wake, kompyuta inakwenda upande mwingine, nawe utasikia, "Baba, printa imekufa!"

Ukitaka kununua, dai bendi mbili, umeme wa USB-C, tundu la USB la simu na hali ya ripita inayoshughulikia kurasa za hoteli. Zinazotumia OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, zina mipangilio mingi na mara nyingi hupata masasisho ya usalama kwa muda mrefu zaidi. Betri ya ndani mimi naiona mzigo: ruta inayokaa kwenye chaji mwaka mzima nyumbani inaipikia betri yake uvimbe.