Saa 8,000 na kopo la biskuti: nilivyopata leseni ya umeme Texas

Mwishoni mwa 2003 bosi alituita asubuhi, kabla hatujapakia ngazi kwenye gari. Akasema bunge la Texas limepitisha sheria mpya, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2004 sisi sote tunaovuta waya lazima tuwe na leseni ya jimbo. Mpaka siku hiyo leseni za umeme Texas zilikuwa mambo ya miji, kila mji na utaratibu wake, na ukitoka mjini ukaingia mashambani mara nyingi hakuna aliyekuuliza kitu. Mimi nilikuwa Houston karibu mwaka wa tano, nafanya kazi chini ya mafundi wakuu, na sikuwa hata na leseni ya jiji.

Njia zilikuwa mbili. Nijiandikishe kama mwanagenzi, au niombe leseni ya fundi kamili, ile iliyo chini ya fundi mkuu. Hiyo ya pili ilitaka mtihani, na kabla ya mtihani ilitaka saa 8,000 za kazi zilizosimamiwa na fundi mkuu mwenye leseni, yeye mwenyewe azitilie saini. Ukipiga hesabu ya saa 40 kwa wiki, hiyo ni miaka minne. Cheti changu cha chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe nilikuwa nacho, nakipenda mpaka leo, lakini saa za Dar es Salaam hazikuwa na fundi mkuu wa kuzithibitisha kwa mtindo wanaoutaka.

Watu wengi huogopa mtihani. Ngojeni niseme kilichonisumbua zaidi: karatasi.

Tangu nifike nilikuwa nimefanya kazi kwa watu watatu. Nilikuwa naweka kila hati ya mshahara kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kwa sababu marehemu baba alinifundisha kwamba karatasi ya pesa haitupwi. Usiku mmoja nililimwaga lote mezani, mimi na mama watoto tukapanga hati kwa miezi, tukajumlisha. Bosi wa kwanza saa 2,700, wa pili 3,900, wa tatu 3,000. Jumla 9,600. Mama watoto akanishika bega, akasema, "Baba, zimetosha na zimebaki."

Bosi wa pili na wa tatu walisaini bila maneno. Wa kwanza akasema hanikumbuki. Nilimpigia simu mara nne. Mara ya mwisho akaniambia watu wengi wamepita kwake, hawezi kusaini kitu asichokijua. Bila saini yake nilikuwa na saa 6,900 tu, pungufu 1,100, yaani zaidi ya nusu mwaka wa kuanza upya. Iliniuma sana. Mtu umembebea mabomba ya chuma kwenye jua la Agosti la Houston, halafu hakujui.

Niliacha kumpigia. Nilichukua karatasi, nikaandika kila mahali tulipofanya kazi: tarehe, mtaa, jengo, nilifanya nini pale. Pembeni nikabandika nakala ya hati ya mshahara ya wiki hiyo. Kazi hiyo ilinichukua usiku kama kumi. Jumamosi moja nikamfuata kwake, nikamsalimu, nikampa. Alisoma amesimama mlangoni. Alipofika kwenye kanisa moja ambako maji ya mvua yaliingia kwenye bodi ya breka na tukakesha kuibadilisha, akainua macho: "Wewe ndiye uliyeshika tochi." Nikamwambia ndiye. Akaniomba kalamu.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanzie kwenye daftari, leo hii, na waombe saini kabla hawajaachana na bosi.

Mtihani ulikuwa wa kuruhusiwa kitabu, zile Kanuni za Kitaifa za Umeme za NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, toleo la 2002. Usidhani kwa hiyo ni rahisi. Saa inakimbia, na usipojua jedwali liko wapi utabaki unapekua. Niligundisha vibandiko kwenye kurasa ninazozihitaji: kutuliza umeme ardhini ni kifungu cha 250, uwezo wa waya kubeba ampea ni jedwali la 310.16, ujazo wa maboksi ya kuungia nyaya ni 314.16. Nilijifunza pia kutofautisha sentensi inayosema ni lazima na ile inayosema ni ruhusa. Kitabu chenyewe kinaeleza tofauti hiyo mwanzoni kabisa, na maswali mengi niliyokosa nyumbani niliyakosa hapo.

Ujazo wa boksi niliuelewa siku nilipoleta boksi halisi mezani jikoni. Kebo mbili za namba 12, ndiyo saizi ya waya, zinaingia: hapo una nyaya nne za kuhesabu. Nyaya zote za athi, zile za kutuliza umeme ardhini, huhesabiwa kama moja. Vibanio vya ndani, moja. Soketi yenyewe, mbili. Jumla nane, kila moja inchi za ujazo 2.25, unapata 18. Boksi la 18 linatosha barabara, dogo zaidi hapana. Baada ya kuhesabu kwa vidole hivyo sikukosa tena swali la namna hiyo.

Lakini kilichonipa hofu ya kweli ni waya mweusi. Dar tulifundishwa nyekundu ni laivu, yaani yenye moto, na nyeusi ni nyutro, ya kurudisha umeme. Texas nyeusi ndiyo yenye moto, na nyutro ni nyeupe. Kwenye karatasi ukikosea unapoteza alama, kazini unapoteza maisha. Hata saizi ni kinyume: kwetu milimita za mraba 2.5 ikipanda hadi 4 waya umenenepa, kule namba 12 ni nene kuliko namba 14. Mama watoto alikuwa na vipande vya waya kwenye mfuko wa aproni, ananinyooshea kimoja bila taarifa, napika au navaa viatu, na ni lazima nijibu kabla hajashusha mkono. Tulifanya hivyo miezi mitatu. Na kazini, nijue rangi nisijue, natanguliza tesita ya kupima umeme.

Nilifaulu mara ya kwanza. Kadi ilikuja kwa posta kutoka TDLR, idara ya leseni ya jimbo, wiki chache kabla ya tarehe 1 Septemba. Mama watoto ndiye aliyefungua bahasha.

Leseni ya fundi mkuu inataka saa 12,000, na uwe umekaa na ya fundi kamili miaka miwili. Jumatatu iliyofuata nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika tarehe, mtaa, saa nane za kazi, nikampelekea bosi asaini.