Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunzaji wa Chui Milia

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijagusa kufuli lolote, nilisimama nyuma ya wavu nikahesabu: dume chumba cha kulia, jike chumba cha kushoto, malango ya katikati yamefungwa. Mtunzaji haingii uwanjani mpaka amwone kila mnyama kwa macho yake, hata kama mwenzake amemhakikishia kwamba wote wamo ndani. Jike alinisalimia kwa kupuliza pumzi puani kwa mkatomkato, maana chui milia hakujaliwa mkoromo wa raha alio nao paka wa nyumbani. Nami nilimwitikia vivyo hivyo.

Saa mbili nilianza kazi ninayoithamini kuliko zote, ya kuficha chakula. Porini mnyama huyu hukosa windo mara nyingi kuliko anavyolipata, lakini akimwangusha kulungu au nguruwe mwitu anaweza kula hadi kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kuua tena. Mwili huo umeumbwa kutafuta. Ukimwekea nyama mahali pale pale, saa ile ile, kila siku, atashiba, lakini atashinda akienda na kurudi kando ya ukuta mpaka majani yafe chini ya nyayo zake. Kwa hiyo nilipandisha vipande juu ya magogo, nikazamisha kimoja kidimbwini, kwa kuwa chui milia hupenda maji, nikapaka kinyesi cha kulungu kwenye mwamba. Dume alihangaika saa nzima na nusu kabla ya kukipata kipande cha mwisho, na nilifurahi kweli kweli.

Saa tano jike aliegemeza ubavu wavuni na kuuacha mkia upite kwenye tundu, daktari akatoa damu bila dawa ya usingizi. Mafunzo hayo yalituchukua miezi minane.

Saa nane mtoto mmoja aliniuliza kwa nini hatuna chui milia mweupe. Nilimweleza kwamba huyo si spishi nyingine, bali ni rangi itokanayo na jeni adimu, na kwamba wengi walioko kifungoni ni uzao wa Mohan, dume aliyekamatwa Rewa, India, mwaka 1951, akapandishwa kwa binti yake mwenyewe. Mama wa mtoto huyo alitaka kujua kama angeweza kupigwa picha akiwa amempakata mtoto wa chui milia. Nilimsimulia habari za warina asali wa Sundarbans, msitu wa mikoko ulioko India na Bangladesh, ambao humwomba Bonbibi, mlinzi wa msitu, kabla ya kuingia anakoishi mnyama huyu. Adabu hiyo ya kubisha hodi naiona inamstahili kuliko kupakatwa.

Saa kumi na moja jioni niliwarudisha vyumbani, nikahesabu tena, nikafunga. Uwanjani dume alikuwa amerushia mkojo gogo lililofichiwa nyama, na harufu yake, inayofanana na ya bisi, ilikuwa bado mbichi. Kesho nitasafisha kila kitu isipokuwa gogo hilo.