Risasi zilipanda juu: kosa ni egemeo, si darubini

Bunduki ileile, risasi za boksi moja, mita 100. Juu ya mfuko wa mchanga matundu kwenye shabaha yalikaa pamoja. Juu ya ukingo wa meza yalipanda na kutawanyika. Skrubu za darubini ya kulengea sikuzigusa.

Bunduki huanza kurudi nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni, na kitu kigumu huirusha juu. Kuegemeza mtutu wenyewe ni kubaya zaidi, maana mtikisiko wake unabadilika.

Nilichobadilisha: mfuko wa mbele uko chini ya ubao wa bunduki ulio chini ya mtutu, vidole vinne mbele ya magazini, palepale kila mara. Pete ya mkanda wa kubebea bunduki isiguse mfuko. Ikikwaruza kitambaa bunduki inaporudi, risasi inapotea. Mfuko mdogo, umejazwa robo tatu tu, unakaa chini ya kitako: ukiuminya, kitako kinapanda na mtutu unashuka. Mkono wa kushoto hauna kazi nyingine. Piga tano, acha mtutu upoe, ndipo urekebishe darubini.

Ukiegemeza bunduki kwenye fimbo za kuwindia, hakiki upya. Mahali risasi inapopiga panaweza kuhama.