Picha zetu zimehamia sebuleni

Wiki ya tatu sasa picha za familia zinakaa nyuma ya televisheni, ndani ya laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Nilifuta Windows, nikaweka Debian, mfumo endeshi wa bure wa Linux, kisha Immich, programu huria inayopokea picha kutoka kwenye simu zetu kila tukishika Wi-Fi ya nyumbani. Hata kutambua sura za watu inafanya humohumo, hakuna kinachopelekwa nje. Usiku wa kwanza feni ilivuma kama mashine ya kusaga, mke wangu akauliza kama hicho kidude kitalipuka.

Uzuri wa laptopu ni betri. Umeme ukikatika, yenyewe wala haishtuki.

Kilichonitoa jasho ni kuifikia nikiwa kazini. Laini yetu ya intaneti haina anwani yake ya IP, ile namba ya kuitambulisha mtandaoni, tunagawana na wateja wengine, kwa hiyo kutoka nje huna mlango wa kugonga. Nikakodi seva ndogo, yaani kompyuta ya mtandaoni yenye anwani yake, na kuiunganisha na laptopu kwa WireGuard, programu inayochimba njia ya siri kati ya kompyuta mbili: laptopu ndiyo inayopiga hodi kwenda kwenye seva, nami napita njia hiyohiyo kuingia ndani. Jumamosi mbili zilikwenda hapo, na moja niliipoteza kwa kukosea herufi moja tu ya ufunguo, ile nywila ndefu ya WireGuard!

Nakala ya pili iko kwenye diski, kwa mama Mbagala. Anaifunika kitambaa.

Jana binti yangu kagusa sura ya bibi yake, zikamiminika picha za 2014. Kumbe zilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya zamani niliyoimwaga humo bila kuangalia.