Jinsi nilivyowafanya wanafunzi wangu waseme Kiswahili Unguja

Nilipeleka wanafunzi 11 kutoka Marekani kusoma Kiswahili Unguja kwa wiki sita. Wiki mbili za mwanzo zilinitia uchungu: asubuhi darasani wanajitahidi, mchana kutwa ni Kiingereza. Niliwagombeza, nikaweka hata faini. Wapi!

Siku moja nikawafuata hadi soko la Darajani, na hapo nikaona kiini chake. Mwanafunzi anauliza bei kwa Kiswahili, muuzaji anamjibu kwa Kiingereza, kwa wema tu. Nyumbani nako walikaa wawili wawili, na wenyeji wakiona mgeni anababaika wanamhurumia.

Nikaenda kwa wale kina mama wenyeji wao, mmoja mmoja. "Mama yangu, mwache ahangaike, ndiyo kusoma kwenyewe." Wakaridhia. Tukamweka kila mwanafunzi nyumba yake: Kikwajuni, Vuga, Michenzani. Kwa sokoni niliwapa sentensi moja tu: "Samahani, najifunza, nisemeshe Kiswahili." Wauzaji walifurahi mno, wakawa wanawasahihisha mpaka ngeli!

Jioni sikudai tena daftari. Kila mtu alionesha kazi aliyojifunza nyumbani kwake. Siku ya nne binti aliyekuwa kimya kuliko wote alikaa juu ya mbuzi, akakuna nazi, akaichuja kwa kifumbu huku akitueleza tui la kwanza na la pili hutiwa lini chunguni. Alipokwama, alimgeukia mwenyeji wake akauliza, "Hiki kinachobaki kinaitwaje?"

"Chicha, mwanangu."